Msitutumie Wanafunzi Kama Hamkusudii Kurudi

Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo, walezi wa wanafunzi, na wote wanaoidhinisha safari za huduma mijini

Waheshimiwa,

Salaam. Nawaandikia nikiwa upande wa pili wa safari zenu, upande wa wanaopokea. Kwa miaka kumi na moja nimefanya kazi jikoni kwenye makao ya watu wasio na nyumba, katika mji mkubwa ambao sina haja ya kuutaja, kwa sababu makao kama haya hayakosekani katika mji wowote mkubwa. Kila likizo ya chuo basi husimama langoni kwetu. Vijana kama ishirini hushuka wamevaa fulana za rangi moja, na kwa siku tano wanamenya, wanapika, wanaosha masufuria, wanapanga nguo stoo, wanakaa mezani na watu wetu na kuzungumza nao. Ijumaa jioni wanapanda basi, wanaondoka.

Mimi mwenyewe niliwahi kushuka kwenye basi la namna hiyo kabla sijawa mtu wa jikoni. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaonja pande zote mbili, na ingawa nayasema kwa heshima, sitayafunika.

Sisemi wanafunzi wasije. Wapo waliosema hivyo. Mwaka 1968, kule Cuernavaca nchini Meksiko, padri na mwanafikra Ivan Illich alisimama mbele ya vijana wa Kimarekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kujitolea vijijini, akawaambia wazi kwamba msaada wao haukuhitajika na kwamba waje kutazama na kujifunza wakitaka, lakini wasije kusaidia. Maneno yake yalikuwa makali, na kwa mengi alikuwa na haki. Lakini mimi nimewaona vijana hawa wakitokwa na jasho mbele ya moto saa sita mchana, nimemwona binti wa miaka kumi na tisa akimlisha kwa kijiko mtu ambaye mikono yake inatetemeka, bila kukunja uso wala kutafuta nani anamtazama. Siwezi kuwafungia mlango. Ninachowaomba ninyi wenye mamlaka ni kimoja tu: kama chuo chenu hakikusudii kurudi, msitutumie mtu.

Niwaeleze ombi hili nimelitoa wapi.

Katika wiki ile yangu ya kwanza, nilikaa siku nne na mzee mmoja aliyekuwa bingwa wa drafti. Kete zake zilikuwa vifuniko vya chupa, vyekundu na vyeupe, na ubao aliuchora mwenyewe kwa kalamu juu ya kipande cha kadibodi. Alinifundisha namna ya kumtega mtu kwa kumpa kete moja ili umle mbili. Siku ya Ijumaa tulikuwa katikati ya mchezo, zamu ikiwa yake, honi ya basi ikalia. Akaniambia, "Basi tutamalizia wiki ijayo, mwanangu." Nami nikajibu, "Haya, mzee." Nilijua kwamba wiki ijayo nitakuwa darasani, mbali na pale. Nilijibu hivyo kwa sababu kusema kweli kulikuwa kugumu na basi lilikuwa linangoja.

Nilirudi baada ya miaka miwili, safari hii nikitafuta kazi. Mzee hakuwepo. Mama wa stoo aliponitambua alinieleza jambo ambalo sijalisahau hata siku moja. Mzee yule aliuweka ubao juu ya kabati, kete zikiwa vilevile tulivyoziacha, akamkataza kila mtu asiziguse. Uliendelea kukaa pale wiki tatu. Siku moja akaushusha mwenyewe, akazimwaga kete kwenye mfuko wake, na tangu siku hiyo hakukaa tena meza moja na mwanafunzi.

Hakuna ripoti ya safari iliyoandika habari za ubao ule. Ripoti ya chuo chetu iliandika saa za kazi tulizotoa na idadi ya sahani tulizogawa. Hakuna aliyetuandaa kwa swali la "utarudi lini", ambalo tuliulizwa kila siku, na kila mmoja wetu akalijibu kwa uongo wake mdogo. Waandaaji wetu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamepanga usafiri, bima, malazi na zamu za kupika. Kuondoka ndiko hawakukupanga.

Wapo watakaonijibu kwa methali: tenda wema nenda zako. Naijua na naipenda. Lakini wahenga walikuwa wanatukataza kungoja shukrani. Hawakutuambia tumfungue mtu moyo wake Jumatatu kisha tutoweke Ijumaa. Mimi naona safari zenu zinafaa kupimwa kwa methali nyingine, ile ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa jembe ni mtu anayejua shamba lina mistari mingapi, wapi pana mawe, na nani atapalilia wiki ijayo. Mwanafunzi wa siku tano anaondoka siku ileile anapoanza kujua sufuria kubwa linakaa wapi.

Na hili la kukaa na kurudi si ndoto yangu. Ndilo chimbuko la kazi hii yenyewe. Mwaka 1884, Samuel na Henrietta Barnett walifungua Toynbee Hall huko Whitechapel, mashariki mwa London, ili vijana wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waje kuishi miongoni mwa maskini, wawe majirani zao. Neno kubwa pale lilikuwa kuishi. Mmarekani Jane Addams alipita pale mwaka 1888, akarudi kwao, na mwaka uliofuata yeye na Ellen Gates Starr wakafungua Hull House, nyumba ya namna hiyohiyo, huko Chicago katika mtaa uliojaa wahamiaji. Addams aliishi humo mpaka alipofariki mwaka 1935. Fikirieni jambo hili: mwaka 1895 alikuwa mkaguzi wa takataka wa kata ile, akiamka alfajiri kufuatana na mikokoteni ya taka kuhakikisha inazoa kweli, kwa sababu alikuwa ameona watoto wa majirani wakiugua na kufa katika vichochoro vichafu. Mtu aliyekuja kwa siku tano angeona takataka, angepiga picha, angehuzunika. Addams aliona takataka zilezile kila asubuhi, mpaka akajua ni mkandarasi gani hafanyi kazi yake.

Au mchukueni Clement Attlee. Mwaka 1905, akiwa kijana anayesomea uanasheria, alikwenda jioni moja kutazama klabu ya wavulana wa Stepney, mashariki mwa London. Akarudi. Akarudi tena. Mwaka 1907 alihamia palepale, akawa msimamizi wake. Miaka arobaini baada ya jioni ile ya kwanza alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, na chini ya serikali yake, Julai 1948, matibabu ya umma yasiyolipiwa mlangoni yakaanza. Sidai kwamba kila mwanafunzi mtakayemtuma atakuwa Attlee. Nasema tu kwamba jioni ile moja peke yake isingezaa kitu. Kilichomgeuza ni kurudi, kuwajua wavulana wale kwa majina, kuingia nyumbani kwao na kuona kwamba umaskini wao haukutokana na uvivu.

Sasa niwapeleke stoo yetu, kwa sababu huko ndiko hasara ya safari za mara moja inakoonekana kwa macho.

Tuna rafu sita za nguo za msaada. Mwaka mmoja tulipokea makundi manne kutoka vyuo vinne, yakifuatana kwa wiki nne. Kundi la kwanza lilizipanga nguo kwa ukubwa. La pili likaona ni afadhali zipangwe kwa jinsia. La tatu likazipanga kwa rangi, na nakiri zilipendeza. Kundi la nne likazirudisha kwa ukubwa, ila kwa alama zao wenyewe. Kila kundi lilifanya kazi kwa bidii na likaondoka limeridhika. Mama wa stoo alikuwa anakuja Jumamosi na Jumapili, siku zake za kupumzika, kutafuta tu makoti ya wanaume yako wapi, kwa maana baridi ilikuwa imeanza na watu walikuwa wanagonga mlango usiku. Hakuna aliyemwuliza chochote. Alikuwa na miaka kumi na tano katika stoo ile, na makundi yote manne yalimpa glavu yakamwomba asaidie.

Kilichokuwa kimeisha stoo wakati wote huo ni soksi. Nitawaambia kitu ambacho kila anayefanya kazi hii anakijua: mtu anayelala nje humalizwa na miguu. Anatembea mchana kutwa, anavaa viatu usiku ili visiibwe, soksi zinalowana na kukauka mguuni, ngozi inalainika, inachubuka, inaoza. Watu hutuletea makoti na blanketi. Soksi mpya huja kwa nadra. Angekuwepo mtu wa kutupigia simu wiki mbili kabla ya safari na kuuliza, "Mnahitaji nini?", tungesema soksi, na mtu mmoja wa kukaa na karani wetu kumsaidia kujaza fomu za vitambulisho. Badala yake tulipata mkeka wa karatasi uliochorwa maua na saini za vijana ishirini. Tumeutundika ukutani. Hatukutaka kuwavunja moyo.

Nina mfano mzuri pia, na kwa huu nataka tukae kidogo.

Kipo chuo kimoja cha uuguzi kinachotuletea wanafunzi wawili kila Jumanne jioni. Wawili tu. Hakuna fulana wala bango. Wamefanya hivyo kwa miaka sita, likizo na siku za masomo. Hata wiki ya mitihani wanakuja, kwa kupokezana, kwa sababu mwalimu wao aliwaambia jambo la kweli: mitihani ikifika, foleni yetu haipungui hata mtu mmoja. Wanaleta beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni, taulo na dawa ya vidonda. Wanaosha miguu.

Palikuwa na bwana mmoja aliyekuja kila Jumanne, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, akakataa kuvua viatu. Jumanne ya kwanza msichana wa zamu alimsalimu, akamwuliza kama angependa, akakataa, basi. Jumanne ya pili vilevile. Ya tatu vilevile, ila siku hiyo alisogea viti viwili mbele. Jumanne ya nne alivua kiatu kimoja. Kimoja tu. Soksi ilikuwa imegandamana na kidonda. Yule msichana hakuivuta. Aliuweka mguu ndani ya beseni pamoja na soksi yake, akasubiri ilainike, na wakati wanasubiri wakazungumza habari za mvua. Ilichukua nusu saa nzima. Vidole viwili vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi, na usiku uleule alipelekwa hospitali. Mguu wake upo mpaka leo, na hupita jikoni asubuhi kutusalimu.

Nawaombeni mhesabu wenyewe. Ingekuwa safari ya siku tano, bwana huyu angeandikwa miongoni mwa waliokataa huduma. Kiatu kilivuliwa Jumanne ya nne.

Kuhusu watoto nitasema kifupi na kwa ukali, mniwie radhi. Msiwapeleke wanafunzi wa wiki moja kwenye makao ya watoto wakawe walezi au marafiki wa kukumbatiwa. Daktari wa akili wa Uingereza, John Bowlby, alilieleza Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1951 jinsi mtoto anavyoumia anapokosa mlezi wa kudumu wa kumtegemea. Mtoto anayemrukia mgeni shingoni dakika ya kwanza haonyeshi furaha tu. Mara nyingi ni mtoto aliyezoea kuachwa, anayejaribu kila uso mpya kuona kama huu utabaki. Wanafunzi wenu wakitaka kuwasaidia watoto hao, wapeni kazi za kuwasaidia walezi wa kudumu: kufua, kukarabati, kuandika barua za maombi ya fedha. Mikono ya kumkumbatia mtoto iwe ya mtu atakayekuwepo kesho.

Na simu. Nimemwona mama mmoja akiinua sinia na kujifunika uso nalo kwa sababu kijana upande wa pili wa ukumbi alikuwa anajipiga picha. Kijana hakumwona hata kidogo, alikuwa anatazama uso wake mwenyewe. Mama huyo alikuwa amemkimbia mume anayempiga, na picha moja tu mtandaoni ingetosha kumwonyesha mahali alipo. Kwa nini kanuni zenu zina kurasa mbili juu ya mavazi na mstari mmoja juu ya picha? Wekeni sharti: simu zibaki kwenye mabegi, na picha za taarifa za chuo ziwe za masufuria na beseni.

Najua mtasema safari hizi ni elimu, kwamba hazikukusudiwa kututatulia matatizo bali kuwafungua macho vijana. Nakubali kabisa, ila elimu hiyo mnaikata njiani. Mwanafunzi anagawa sahani mia mbili, anarudi chuoni akiwa na huruma nyingi, lakini bila swali hata moja kuhusu kwa nini sahani ni mia mbili mwaka huu na zilikuwa mia na ishirini mwaka niliofika mimi. Hajui kodi ya nyumba imepandaje. Hajui kwamba mtu asiye na anwani hupata taabu kufungua akaunti ya benki, na asiye na akaunti hupata taabu kuajiriwa. Hajasikia kwamba mwaka 1992, huko New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis na wenzake walianza kuwapa vyumba watu wenye maradhi ya akili waliokuwa wakilala mitaani, bila kuwashurutisha kwanza waache ulevi, na wengi wao wakabaki ndani ya vyumba hivyo. Wala hajui kwamba Ufini iliifanya njia hiyo sera ya taifa kuanzia mwaka 2008 na idadi ya wasio na makazi ikashuka. Mwanafunzi wa sheria, wa uchumi, wa ujenzi, akiyajua haya kabla ya kupanda basi, atakuja kwetu na maswali mengine kabisa. Na akirudi anajua mlango wa nani wa kugonga.

Walimu wa somo hilo tunao sisi. Mpishi wetu mkuu alilala miaka miwili kwenye kitanda namba kumi na nne katika makao haya haya. Mwiteni chuoni mwezi mmoja kabla ya safari, awaeleze vijana jinsi ya kukaa mezani na mtu bila kumwuliza "ilikuwaje ukafika hapa" kabla hata hajameza tonge la kwanza. Na mkimwita, mlipeni kama mnavyomlipa mhadhiri mgeni. Katika bajeti ya basi, malazi na fulana, wekeni fungu la wenyeji. Tunapopokea kundi, mtumishi wetu mmoja anaacha kazi yake kwa wiki nzima ili awaongoze, na wiki hiyo huwa hairudi.

Mkinitaka niseme kwa lugha ya mikataba, basi iwe hivi. Chagueni sehemu moja, si tano. Wekeaneni saini na wenyeji kwa miaka mitatu au zaidi, wenyeji wakiwa na haki ya kusema kazi gani ifanyike na ya kukataa kundi. Safari kubwa ya likizo iwe mwanzo au kilele cha kazi inayoendelea kila wiki na wanafunzi wachache, hata wawili. Kama mji uko mbali na kurudi kila wiki hakuwezekani, basi tafuteni makao yaliyo karibu na lango la chuo chenu. Yapo. Na mwanafunzi anapoondoka, ruhusuni aage kwa ukweli, aseme, "Mimi nakwenda, sitarudi, ila Jumanne atakuja mwenzangu, na jina lako nimemwambia."

Sitegemei barua hii ijibiwe kwa barua. Naomba mmoja wenu aje, mmoja tu kwa kuanzia, kabla hamjaidhinisha safari ijayo. Aje peke yake, bila wanafunzi na bila mpiga picha. Zamu ya asubuhi huanza saa kumi na moja alfajiri, mlango wa nyuma, upande wa stoo. Mama wa stoo ndiye atakayempokea na kumpangia kazi. Na akimaliza, kabla ya kuondoka, mama atamwuliza atarudi lini.

Wenu,
Mtumishi wa jikoni